Kichupa Kilichokataa Kuonjwa

Bibi yangu hakuwa na haja ya kumtazama mtu machoni. Alimtazama koromeo. Kwetu Muleba, aliyeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, ili wenyeji wajue hamkutiwa kitu humo. Watu wengi siku hizi wanaifanya desturi hiyo kwa haraka haraka, kikombe mdomoni, kicheko, basi. Bibi, mama yake baba, alikuwa anaifanya kama askari wa forodha. Binamu yangu alipoleta mchumba, kijana wa watu alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapewa kikombe aonje, naye akagusisha midomo tu. Labda hakuwa mnywaji. Bibi hakusema kitu mpaka wageni walipokwisha kula na kuaga. Ndipo akamwambia baba, "Koromeo halikupanda." Huo ndio ulikuwa mwisho wa uchumba ule. Binamu alilia mpaka akavimba macho, Bibi akamchinjia kuku, na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika nilijua vizuri ninachokabiliana nacho. Baba ana sauti nzito na anapenda kusema "hapa kwangu", lakini kwenye mambo ya kuoza mabinti neno la mwisho lilikuwa la mama yake, na wote tulilijua hilo, hata kuku waliokuwa kibanjani, kwenye migomba. Bibi akimkataa mtu, amekataliwa. Nami nilikuwa nimempata mtu ambaye sikutaka akataliwe hata kidogo.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu bila kazi yangu nisingempata, na bila kazi yangu nisingekaribia kumpoteza.

Mimi nafundisha kemia kwenye sekondari moja huku Kahororo, Bukoba, na pembeni nilikuwa namalizia masomo ya juu. Nilikuwa natengeneza punje. Wenyewe kwa wenyewe tunaziita nukta za kwantamu, jina la kutishia watu. Mimi naziita punje. Ni vipande vidogo vya madini, vidogo kiasi kwamba huwezi kuviona hata ukilia machozi ya damu, lakini vikiwa vingi ndani ya maji na ukavimulika kwa ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka wanakagulia noti, vinawaka. Punje ndogo kabisa zinawaka kijani. Zilizonenepa kidogo, rangi ya chungwa. Zilizoshiba, nyekundu. Madini ni yale yale, tofauti ni unene tu. Mara ya kwanza kuona zinawaka nilipiga kelele maabara nzima, msimamizi wangu akadhani nimeungua.

Shida ya punje ni kwamba ukiziacha uchi ndani ya maji hazina adabu. Zinarukiana, zinagandana, zinakuwa mabonge, zinazama chini, na mwanga umekwisha. Kwa hiyo unazivalisha koti. Koti lenyewe ni kitu cha kemikali chenye salfa upande mmoja, na salfa hiyo inaing'ang'ania punje. Upande wa pili unapenda maji. Ukilichagua vizuri, punje inaelea peke yake, imetulia, inawaka mwezi hadi mwezi. Ukilichagua vibaya, koti linavuka, linajivua kidogo kidogo, na siku moja unamulika chupa yako unakuta matope.

Hapo ndipo nilipopotezea ujana wangu, kwenye makoti. Nilijaribu koti fupi la mkono mmoja, likavuka mara tu jua lilipoligusa. Nikajaribu lingine, likadumu kidogo, likaaga. Mwishowe nikapata koti lenye salfa mbili, yaani linaishika punje kwa mikono miwili. Hilo likawa halitaki kuachia. Nilizipika punje chuoni, nikaja nazo Bukoba kwenye vichupa nilivyovizungushia plastiki tabaka juu ya tabaka, nivitazame taratibu nione kipi kitadumu.

Sasa, salfa ina harufu. Na nikisema harufu nina maana uvundo: fikiria mayai viza, halafu mtu amwagie juu yake ile dawa ya saluni ya kutia nywele mawimbi. Niliweka vichupa kwenye friji la walimu. Kifuniko kimoja kikalegea. Asubuhi yake mwalimu wa Jiografia akafungua friji achukue maziwa yake, akafunga, akafungua tena, akaita wenzake. Nilitafutwa kama mwizi wa mbuzi. Mkuu wa shule, mtu mpole, akaniambia, "Mwalimu, sayansi ni nzuri, lakini itafutie mahali pengine pa kulala."

Ndipo nikaenda Ijuganyondo kwa fundi wa majokofu. Nilikuwa nimesikia ana friji zima ambalo mwenyewe hakuwahi kulirudia. Nikamweleza: nina vichupa, vina sumu ndani, visiguswe bila glavu, visikae na chakula, vinanuka. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Vilete."

Ni hilo tu, "Vilete." Mimi ni mtu wa maneno, nikianza sikomi, na huyu alikuwa mtu wa kukupa neno moja kama anakupa dawa. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa anasikiliza kweli. Siku niliyompelekea akauliza swali moja, "Kwa nini visikae uchi?" Nikamweleza mambo ya makoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku naona amekaa juu ya kompresa mbovu, hapepesi macho. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuwa anavaa glavu, anamulika vichupa vyangu, ananitumia picha. Hakuandika mapenzi, hakuandika mistari. Aliandika, "Cha chungwa kimekufa." Au, "Chekundu bado kinawaka, Mwalimu." Jamani, mtu akikuandikia hivyo kila asubuhi, utafanyaje? Nilianza kupeleka vichupa ambavyo havikuhitaji friji.

Vyote vikafa kimoja baada ya kingine, kikabaki chekundu, kile cha koti la mikono miwili. Kikapita masika, kikapita kiangazi, bado kinawaka. Msimamizi wangu akaniambia nikilete chuoni kipimwe. Na wakati huo huo Fundi, hivyo ndivyo nilivyomwita na ndivyo ninavyomwita mpaka leo, akasema neno lake moja: "Tuoane." Nikamwambia kuna Bibi. Akasema, "Nitaonja."

Tukapanga. Shule zingefungwa, mimi ningetangulia Muleba, wao wangefuata kuja kujitambulisha, na baada ya hapo ningeondoka moja kwa moja kwenda chuoni. Kwa hiyo nikamwambia Fundi aje na kile kichupa chekundu na tochi, anikabidhi huko huko. Wazo zuri kabisa. Nilijisifu kwa kupanga mambo vizuri.

Nilichosahau ni mshenga. Mshenga wake alikuwa baba yake mdogo, mtu aliyekuwa mpiga mnada miaka yote ya ujana wake, na mpiga mnada hastaafu. Ukimpa kijiko atakuuzia kama upanga. Njiani, kwenye gari la kukodi, aliona tochi na kichupa kwenye begi la Fundi, akataka aonyeshwe. Akaonyeshwa. Fundi anasema mzee alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu watoke Bukoba, na yeye Fundi angeogopa kimya kile kama angekuwa na akili.

Halafu ikatokea balaa dogo. Kwa desturi walikuja na vibuyu viwili vya rubisi: kikubwa cha baba, na kidogo cha Bibi, ambacho mshenga alikuwa amekipakata mwenyewe kwa heshima. Rubisi changa ina hasira. Barabara ikatikisa, kizibo cha majani ya mgomba kikaruka, na kinywaji cha Bibi kikaishia kwenye suruali ya mshenga. Fundi akasema wasimame watafute kingine. Mzee akakataa katakata. "Kazi ya mshenga mwachie mshenga," akasema, huku ananuka kama sherehe.

Mimi nilikuwa chumbani. Binti anayeposwa haonekani na hasikiki. Anakaa ndani na shangazi yake mpaka aitwe. Shangazi alikuwa ananisuka. Kati yetu na sebule kulikuwa na pazia la kitenge tu, na pazia lilikuwa na tundu, na tundu hilo sisemi nani alilitoboa. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, sebuleni giza giza. Baba alikuwa ametandaza nyasi mpya sakafuni, za heshima. Wazee wamekaa, kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kimeshazunguka, na Bibi yuko kwenye kiti chake mbele kabisa, karibu na koromeo la mgeni.

Kibuyu kikubwa kikafunguliwa. Fundi akapiga magoti, akamiminiwa, akanywa. Niliona kwa macho yangu koromeo likipanda na kushuka, taratibu, kama mtu anayemeza kwa nia. Bibi akatikisa kichwa. "Limepanda," akasema.

Nilimkumbatia shangazi mpaka kitana kikaanguka. Yamekwisha! Nimeolewa! Shangazi akanifinya nikae vizuri.

"Na changu?" akauliza Bibi.

Fundi akafungua mdomo. Mshenga akasimama, suruali bado mbichi, akajinyoosha.

"Bibi yetu, waitu," akaanza kwa heshima, na niliposikia ile sauti ya mnada nikarudi kwenye tundu. "Vibuyu umeviona tangu uzaliwe. Tungekuletea kibuyu, ungesema nini? Ungesema, ahsanteni, kibuyu. Sisi tukasema hapana! Bibi wa msomi haletewi kibuyu. Bibi wa msomi analetewa hiki!"

Akachomoa kichupa changu begini. Akawasha tochi.

Sebule nzima ikasema "Oooh!" Kwenye lile giza la mvua kichupa kiliwaka chekundu kama kaa la moto, na sitawadanganya, pamoja na hofu yote nilipata fahari kidogo. Kilikuwa kizuri. Koti lilikuwa halijavuka hata uzi.

"Kinanywewa?" akauliza Bibi.

"Na wakubwa peke yao!" akasema mshenga.

"Haya," akasema Bibi, akamgeukia Fundi. "Onja."

Mimi nilijua kilichomo. Ndani ya zile punje kuna kadimiamu, madini ambayo yakiingia mwilini yanakwenda kukaa kwenye figo na hayana haraka ya kuondoka. Koti linayafunika, ni kweli, lakini tumboni kuna asidi, na hakuna koti nililowahi kupika ambalo lingestahimili tumbo la mtu. Na Fundi naye alijua, nilishamwambia mara nyingi mpaka akanizoea.

Nikamtazama kupitia tundu. Alikuwa amebanwa pande zote. Kunywa, ni sumu. Kugusisha midomo, Bibi anatazama koromeo. Kukataa, ni kukiri kwamba umeleta kitu kibaya kwenye nyumba ya watu. Na kusema kwamba mshenga amedanganya, mbele ya wakwe, ni kumvua nguo mzee aliyekusemea. Mtu anayemvua nguo mshenga wake nani atampa binti?

"Bibi," akasema, "hiki si..."

Mshenga akamkanyaga mguu. Niliona.

Fundi akachukua kichupa. Akaanza kuzungusha kifuniko. Akazungusha, akazungusha, na mimi nikagundua kwamba anakikaza. Fundi huyu, ambaye nimemwona akifungua nati zilizoliwa na kutu, alikuwa anahangaika na kifuniko cha plastiki jasho linamtoka. Nikamwombea. Kaza, baba, kaza!

"Vijana wa siku hizi hawana mikono," akasema mshenga. "Lete." Akamnyang'anya, akakifungua mara moja.

Uvundo ukatoka. Mzee mmoja akafunika pua kwa kofia. Baba akatazama mlango kama kuna mbwa ameingia. Mwingine akasema, "Bojo, kimeoza!" Hata mshenga mwenyewe alirudi nyuma, lakini mpiga mnada akishapanda juu ya sanduku hashuki.

"Hiyo ndiyo harufu ya nguvu!" akasema, macho yanamtoka machozi. "Na kwa kuwa kijana anaona haya mbele ya wakwe, na mshenga ni mdomo wa mchumba, basi mdomo wake utaonja!"

Akakiinua.

"Usinywe!" nilipiga kelele. "We mzee, usinywe! Koti litavuka!"

Sikumbuki nilivyopita kwenye pazia. Shangazi anasema nilipita nalo. Nilitokea sebuleni na kitenge cha pazia begani, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, mbele ya wakwe na wazee na Bibi. Na wakati ule ule Fundi alikuwa amesharuka. Akapiga mkono wa baba yake mdogo, kichupa kikaruka, kikagonga mguu wa meza, na kila kilichokuwamo kikamwagika kwenye nyasi za heshima na kwenye viatu vya mshenga.

Mshenga akatazama viatu vyake.

Bibi akanitazama mimi, kuanzia nywele mpaka miguu. Akamtazama Fundi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile anayoitumia akiwa hataki mjadala, "Aliyeleta kinywaji amekataa kuonja. Na aliyeletewa amemwagiwa. Desturi mnaijua. Kusanyeni vitu vyenu, mvua ikipungua mwende."

Baba akatazama vidole vyake vya miguu. Hapa kwangu, hapa kwangu, leo kimya! Wazee wakaanza kuinuka. Fundi akarudi kupiga magoti pale pale, mikono imelowa.

Niliumia, naomba niseme hivyo bila kuzunguka. Nilimpenda yule mtu. Nilizipenda picha zake za asubuhi, na neno lake moja moja, na namna alivyokaa juu ya kompresa mbovu kunisikiliza. Na nikaona nikirudi chumbani kama binti mwenye adabu, ndiyo basi, kuku atachinjwa na mimi nitanyamazishwa kwa supu.

Nikapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, kile nimekitengeneza mimi. Si kinywaji. Hakikuwa kinywaji hata siku moja."

"Ni sumu?"

"Kikiwa kwenye koti lake kimetulia. Kikifika tumboni koti linavuka, ndipo kinakuwa sumu."

"Koti gani?" akasema Bibi. "Wewe umepita na pazia langu unaniambia habari za makoti?"

Nimewaeleza watu wengi habari za makoti: wanafunzi, maprofesa, hata mwalimu wa Jiografia. Sijawahi kueleza nikiwa nimepiga magoti. Nikasema, "Bibi, ndani ya maji yale kuna punje. Punje na maji hawasemezani. Ukiwaacha wenyewe kwa wenyewe, punje zinagombana, zinazama, mwanga unazimika. Kwa hiyo katikati unaweka mtu. Mkono mmoja ameishika punje, mkono wa pili ameyashika maji. Huyo ndiye koti. Ni mshenga, Bibi. Nimetumia miaka yangu kumtafuta mshenga asiyeachia."

Bibi akageuza kichwa polepole, akamtazama mshenga: suruali imelowa rubisi, viatu vimelowa punje, mdomo wazi.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukizuia kicheko kikamtokea puani, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, hata mshenga. Bibi peke yake hakucheka. Alimgeukia Fundi.

"Wewe ulijua ni sumu?"

"Nilijua, Bibi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kumwaibisha baba mdogo."

"Ukaipata?"

"Sikuipata."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimwaga." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Ndicho kilichokuwa kimebaki. Vingine vyote vimekufa. Mwalimu amekilea tangu kabla ya masika, na mimi nimekimwaga. Nisamehe, Mwalimu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa pamoja. Nikalia palepale, kitenge begani, na sikujali nani ananiona. Kichupa kingine ningepika. Nilijua koti, nilijua moto, nilijua muda. Nikamwambia hivyo: "Nitapika kingine."

Bibi akanyoosha mkono. "Hiyo taa."

Mshenga akampa tochi kama anarudisha mali ya wizi. Bibi akamulika chini. Loo! Nyasi zote mbele ya kiti chake ziliwaka nyekundu, matone matone. Viatu vya mshenga viliwaka. Mikono ya Fundi iliwaka. Wazee wakainua miguu juu kwa pamoja kama watoto waliosikia kuna siafu.

"Mtu asitembee!" nikasema, na hapo nikarudi kuwa mwalimu. Nikaagiza mifuko ya plastiki na glavu zangu, nikakusanya nyasi zote zilizolowa, Bibi ananimulikia, "pale, pale umeacha, nyuma ya mguu wa meza, una macho wewe?" Nikafunga mifuko juu ya mifuko, nikaifungia kwenye ndoo yenye mfuniko niirudishe chuoni ikaharibiwe inavyotakiwa. Nikawanawisha watu mikono, Fundi mara nyingi kuliko wote, mpaka tochi ilipopita vidoleni mwake pasiwake kitu. Viatu vya mshenga nikavichukua. Alilalamika ni vya ngozi. Nikamwambia ni vya kadimiamu. Akapewa kandambili za Bibi, zilizomwishia katikati ya unyayo.

Bibi sasa alikuwa ameipenda ile tochi. Alimulika shati la baba, likawaka buluu. Nikamweleza ni sabuni ya unga. Alimulika kucha zake. Akammulika mshenga usoni akiwa bado anacheka, na meno ya watu yanang'aa kwa tochi ile, lakini ya mshenga mawili ya mbele yalikaa meusi ti.

"Haya mawili si ya kwako," akasema Bibi.

Mshenga akafunga mdomo. Ndiyo ilikuwa mara ya pili siku ile.

Kisha Bibi akainuka, akatoka kwenda jikoni. Hatukujua anafanya nini. Wazee walikuwa wamesimama karibu na mlango, mvua imeshapungua, na neno lake la kwanza lilikuwa bado halijafutwa. Fundi alikuwa amekusanya vibuyu vyao na begi lake. Nilitazama mikono yake safi.

Bibi akarudi na kibuyu. Kilikuwa cha kwake, rubisi aliyoikamua mwenyewe. Akakaa. Akamimina kikombe. Akawasha tochi, akamulika ndani, na rubisi ile ikatoa mwanga kidogo, hafifu sana, kati ya buluu na kijani.

"Na hii nayo inawaka," akasema. "Ina koti?"

"Sijui, Bibi. Inaweza kuwa ndizi tu. Inaweza kuwa ule mtama unaoukaanga na kuutia humo."

"Lakini inanyweka."

"Inanyweka."

"Mwenye kinywaji anaonja kwanza," akasema, akanywa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama yeye koromeo. Lilipanda.

Kisha akamnyooshea Fundi kikombe. Fundi akaweka vibuyu chini, akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili. Bibi akamsogelea na kumwashia tochi shingoni, karibu kabisa, na Fundi akanywa akiwa amefumba macho, bila kupumzika, huku koromeo lake linapanda na kushuka kwenye ule mwanga wa zambarau. Bibi hakuizima tochi mpaka kikombe kilipokwisha.

Akaizima, akaitia kwenye mkunjo wa kitenge chake, na sijaiona tena tochi hiyo mikononi mwa mtu mwingine. Halafu akanigeukia mimi, na nywele zangu.

"Wewe nawe rudi ndani na pazia langu ukamalizie kusukwa," akasema. "Bibi harusi gani huyu, nusu kichwa?"